Usemi wa Mgonjwa

Neno lililomfungia kaka yangu mlango nililiandika mimi, kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri. Nalisema mapema kwa sababu sipendi hadithi zinazomzungusha mtu halafu zinamwambia mwishoni alichopaswa kujua mwanzoni.

Tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili, mimi na yeye, katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kamusi. Ilikuwa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, iliyotoka juzuu kwa juzuu, herufi kwa herufi. Wakubwa wa vyumba vya mbele walikuwa na mazulia na vyeo. Sisi tulikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha linalotazama ukuta. Kazi yetu ilikuwa kusoma prufu, yaani zile karatasi za majaribio ambazo mchapaji huleta kabla kitabu hakijachapwa. Kaka alishika mswada, maandishi ya asili, akasoma kwa sauti. Mimi nilishika prufu, nikafuata kwa kidole na kalamu nyekundu, nikitafuta mahali mchapaji alipokosea.

Asiyeijua kazi hii hawezi kuamini jinsi inavyosikika. Kaka hakusoma maneno tu, alisoma kila alama iliyokuwa kwenye karatasi, hata umbo la herufi: nzito kwa zilizokolezwa wino, mlazo kwa zilizolala. "Nzito, gate, funga nzito, mlazo, nomino, funga mlazo, moja, lango, mkato, geti, nukta." Hayo yote aliyatoa kwa kasi ya mvua ya mawe juu ya bati, maana kurasa zilikuwa elfu na ushee na sisi tulikuwa wawili. Fundi cherehani wa ghorofa ya juu alishuka siku moja kuuliza kama tunaombeana au tunagombana. Kaka akamjibu kwamba tunafanya yote mawili kwa mshahara uleule.

Tena kulikuwa na kanuni. Kila neno na maelezo yake yalipokwisha, kaka alinyamaza akanitazama juu ya miwani. Nisiposema "Twende," haendi. Alirudia yote tangu mwanzo, hata kama nilikuwa nimepiga chafya tu. Nilimwambia huo ni ukaidi wa punda. Akasema punda hajawahi kuchapisha kamusi yenye makosa.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuja tulipofika herufi ya G. Wahariri wa zamani walikuwa na maneno saba ya Kiingereza yanayohusu kusema haraka haraka bila kueleweka, na yote saba waliyapa maana moja: maneno yasiyoeleweka. Kaka aliliona jambo hilo kama aibu ya ukoo. Aliandika kadi saba kwa mkono wake, akazifunga kwa mpira, akawa anatembea nazo mfukoni.

"Kaka, mtu ananunua kamusi apate neno, hanunui mawaidha," nilimwambia. "Tunayo yetu. Kuropoka, kupayuka, kuweweseka. Chagua tumalize."

"Anayeropoka anaeleweka, dada. Tena anaeleweka mno, ndiyo shida yake. Anayepayuka anasikika mtaa mzima. Na anayeweweseka amelala."

"Basi kubwabwaja."

"Kubwabwaja tayari nimelipangia kazi." Akazipanga kadi mezani kama mtu anayecheza karata. "Sikia. Babble ni ya mtoto mchanga, au ya maji yanayopita kwenye mawe, au ya watu wengi kwa pamoja. Hujui wanasema nini, lakini sauti haikuudhi. Prattle ni ya mtoto aliyekwisha kujua maneno, hanyamazi, nawe unatabasamu mpaka uchoke. Patter ni ya muuza dawa sokoni, maneno ameyakariri, hataki uyafikirie. Gobbledygook ni barua ya bosi wetu."

Hapo nilicheka, ingawa sikutaka.

"Jabber ni ya mtu aliyepandwa na jazba, na mara nyingi anayemwita hivyo hajui tu lugha yake. Sasa haya mawili ya G ndiyo watu huyachanganya. Gabble, maneno yamo, ni ya kweli, haraka ndiyo inayaharibu. Gibberish, hamna kitu ndani. Ganda tupu. Ukiyachanganya haya mawili umemdhulumu mtu."

"Nani anadhulumiwa na kamusi?"

Alinitazama juu ya miwani, akazikusanya kadi zake. Tulinuniana siku mbili, tukisoma prufu hivyo hivyo, yeye akitaja nukta na mikato kama anazitema.

Kiharusi kilimkuta siku ya Jumanne asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni. Mke wake, wifi yangu, alinipigia simu akasema, "Wifi, njoo, kaka yako kaanguka," akakata. Nilipofika hospitalini walikuwa wamemlaza kando ya dirisha. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka na mdomo umekwenda upande. Alikuwa anaongea. Anaongea kwa kasi, bila kituo, sauti juu ya sauti, na sikushika hata neno moja. Niliinama nikamwambia, "Kaka, ni mimi." Akanitazama, akaendelea na yale yale. Moyo wangu ulivunjika palepale na sikuona haya kulia mbele za watu.

Jioni ile muuguzi alikuja na fomu. Ilikuwa ya Kiingereza, visanduku vingi vya kuweka alama, na chini mstari mmoja mtupu: usemi wa mgonjwa. Muuguzi alikuwa amechoka, viatu amevivua nusu.

"Hapa nitaweka tu haongei vizuri," alisema.

Ningemwacha aandike hivyo, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini mimi ni mtu wa kamusi. Haongei vizuri lilikuwa jibu la ovyo, nami nilikuwa na uchungu unaotafuta mahali pa kushika. "Haongei vizuri ni mtu yeyote," nilimwambia. "Hata daktari wenu haongei vizuri."

"Basi, dada, wewe si ndiye wa kamusi? Niandikie mwenyewe."

Nikachukua kalamu. Nilifikiri kidogo, Mungu ananiona, nikayapima yale mawili ya G kama kaka alivyonifundisha. Nilisikiliza pumzi mbili tatu. Nikaona hamna kitu ndani. Nikaandika gibberish, nikairudisha fomu, na katikati ya majonzi yote nilisikia kijifahari cha kazi iliyofanyika sawasawa.

Sikujua mstari ule unasomwa na nani. Hospitali ilikuwa na mwalimu mmoja wa usemi, mama anayewafundisha wenye kiharusi kuongea tena, na wagonjwa wake walikuwa wengi kuliko saa zake. Kwa hiyo karani wa wodi alipitia mafaili akachagua wale ambao maneno yao hayajaisha kabisa. Faili la kaka aliliweka kando. Siku ya kumi tuliruhusiwa kwenda nyumbani na dawa za shinikizo la damu, na wifi alipouliza kama mgonjwa atapewa mtu wa kumfundisha, wakamwambia hali yake hairuhusu.

Nilikwenda kwao kila siku baada ya kazi. Walikuwa wamekihamishia kitanda sebuleni, karibu na dirisha, ili aone watu wakipita. Kaka aliongea asubuhi, akaongea mchana, akaongea nikiwepo. Sikuweza kuvumilia. Nilifungua redio, au nilikwenda jikoni kuosha vyombo visivyokuwa vichafu. Wifi yeye alikaa. Alivuta kigoda, akamshika mkono ule mbovu akausugua, akamjibu.

"Ndiyo, mume wangu," alisema. "Sawa. Nimesikia."

Kaka alinyamaza akamkazia macho, kisha akaanza tena.

"Kuna kitu anauliza," wifi aliniambia jikoni. "Anasema, halafu sauti inashuka, ananyamaza, ananitazama. Nikimjibu, anarudia yale yale. Naona simpi jibu analolitaka."

"Wifi, usijidanganye. Hilo si swali. Ni sauti tu."

"Mimi sikusoma kama nyinyi," alisema. "Lakini nimelala na huyu mtu miaka thelathini. Najua anaponisubiri."

Nilimwonea huruma, na huruma yangu ilikuwa na kiburi ndani yake. Nilidhani mapenzi yamemtia uziwi. Kumbe kiziwi alikuwa mwingine.

Huku ofisini juzuu la G lilikuwa linadaiwa. Kadi za kaka zilikuwa mikononi mwangu, wifi alizikuta mfukoni mwa koti akanipa. Sikuwa na nguvu ya kupigania maana saba. Nilizipitia kwa haraka, sikuzisoma hadi mwisho, nikachukua neno la juu tu, na kwa yale matatu ya G nikaandika kama wazee walivyoandika: maneno yasiyoeleweka. Nikapeleka kwa mchapaji. Prufu ziliporudi, msomaji wa kushika nafasi ya kaka alikuwa hajapatikana, kwa hiyo nilizibeba nikazisome peke yangu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, wiki ya saba. Wifi alikuwa ametoka kununua sabuni na mboga, akaniachia kaka. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikaiweka prufu magotini, kidole kwenye mstari, kalamu mkononi, kama nilivyokaa miaka ishirini na miwili. Kaka alikuwa anaongea. Nilijitahidi kutomsikia. Nikafika kwenye neno gabble, maelezo ya mstari mmoja, nikamaliza, nikataka kupita.

Mkono wangu ulikataa kupita. Ulikuwa umechora alama pambizoni, ile alama ndogo ya nyumba isiyo na sakafu ambayo tunaiweka mahali mchapaji aliporuka maneno. Sikuiamuru. Nilikaa nikiitazama. Mkono huweka alama hiyo kwa sababu moja tu, kwamba msomaji bado anasoma na karatasi imekwisha.

Nikainua uso. Kaka alikuwa amenyamaza, ananitazama. Kisha akaanza tena, na safari hii nilifuata kwa kidole. Ulimi wake ulikuwa mzito, kila neno limekatwa kichwa na mkia, lakini mapigo yalikuwa yale yale. Nzito, funga nzito. Mlazo, funga mlazo. Moja. Mkato. Nilimwaga mkoba wangu sakafuni nikazitafuta kadi. Nikaishika kadi ya gabble mbele ya macho yangu, na ghafla kaka yangu alikuwa anasoma. Kusema kwa haraka kiasi kwamba maneno, mkato, ingawa ni ya kweli, mkato, hayashikiki, nukta. Aliisoma kadi yote, mistari sita, hakuacha hata alama moja. Mchapaji hakukosea kitu. Aliyeruka maneno nilikuwa mimi.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikiliza kaka bila karatasi. Masikio yangu yalikuwa yamezoea kusindikizwa na macho. Yeyote angesamehewa kwa kutomwelewa, lakini mimi nilikuwa mtu pekee duniani aliyefunzwa kuusikia usomaji ule, na nilikuwa nafungua redio.

Alinyamaza. Ananisubiri.

"Twende," nilisema.

Macho yake yakajaa maji. Wiki saba alikuwa amekwama kwenye kadi ile moja, anairudia tangu mwanzo kwa kila mtu aliyekaa kwenye kigoda, na hakuna aliyempa ruhusa ya kwenda mbele. Akavuta pumzi. Akaenda. Nikaishika kadi iliyofuata, nikamfuata kwa kidole, ikawa ni gibberish. Sauti zinazofanana na usemi lakini zisizo na neno ndani yake, nukta. Kisha akasoma mstari wa chini kabisa, ule ambao niliukata bila kuusoma. Tahadhari, nukta mbili. Kabla ya kulitumia kwa mtu, mkato, hakikisha kwanza umemsikiliza, nukta.

Sikuweza kusema Twende tena mpaka alipoirudia mara tatu.

Wifi aliporudi alitukuta tumeshikana mikono, kadi zimezagaa kitandani, sote wawili tunalia. Nilimwambia, "Anasoma. Maneno yamo, wifi, yamo yote." Aliweka kikapu chini akasema, "Nilijua." Alikwenda kumfuta kaka uso kwa upande wa kanga yake, polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Jumatatu nilikuwa mlangoni pa mwalimu wa usemi kabla hajafika. Alikuwa mama mfupi, mwenye kisanduku cha picha: kikombe, kitanda, mvua, mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliomba faili la kaka, akalifungua, kidole chake kikashuka mpaka kwenye mstari ule.

"Nani aliandika hili?"

Yeye alidhani ni mtu wa wodi, nami nikamwacha adhani hivyo.

"Wangeandika tu haongei vizuri ningeitwa," alisema. "Haongei vizuri wote wanaletwa kwangu. Neno hili ndilo linalowaambia wasinisumbue." Alifunga faili. "Wiki za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Lakini mtu anayeweza kukariri ana mahali pa kuanzia. Mlete Jumanne ya wiki ijayo. Njoo na hizo kadi."

Siku zile nne, Jumatatu hadi Alhamisi, zilikuwa nzuri kuliko ninavyostahili. Tulisoma kadi zote saba, tukazirudia. Alhamisi, baada ya ile ya barua ya bosi, upande mmoja wa mdomo wake ulicheka, na wifi akacheka naye bila kujua kwa nini. Nilirudisha maelezo yote ya kaka kwenye prufu, neno kwa neno, nikampelekea mchapaji.

Ijumaa kiharusi kilirudi. Hakikumuua. Kilichukua sauti yote, safi, kama mtu aliyezima taa akaondoka na balbu. Mwalimu wa usemi mwenyewe alikuja wodini Jumanne ile, na kisanduku chake. Alikaa naye saa nzima. Nilisoma kadi kwa sauti, nikanyamaza mahali pa kunyamaza, nikamtazama. Kaka alitazama dari. Mwalimu alitutoa ukumbini, mimi na wifi.

"Ningempata ile wiki ya pili, angekuwa na maneno machache yake mwenyewe kufikia leo," alisema. "Kiharusi cha pili huenda kisingeyabeba yote. Siwezi kuapa. Lakini ningekuwa na pa kushika."

Tulirudi nyumbani kuchukua shuka safi. Wifi aliwasha jiko, akainjika chai, akasimama akiitazama.

"Kwa nini hawakumpa yule mama tangu mwanzo?" aliuliza. "Niliwaomba. Wakasema hali yake hairuhusu. Nani aliwaambia hivyo?"

Ningeweza kusema karani. Ningeweza kusema daktari, hospitali, serikali, Mungu. Chai ilianza kuchemka.

"Mimi, wifi."

Nikamweleza yote, fomu, mstari mtupu, muuguzi na viatu vyake. Hakunikatiza. Alipunguza moto. Alivuta kigoda kingine akakaa.

"Na hilo neno ulilowaandikia. Maana yake nini?"

"Ni sauti tu. Kwamba mtu anaongea, lakini ndani hamna neno."

Nje mtu alikuwa anavuta mkokoteni, gurudumu linalia.

"Wiki zile zote nilikaa naye namjibu," alisema. "Nikimwambia ndiyo, mume wangu, nimesikia. Wewe upo jikoni unaosha vyombo. Ulidhani ninaongea na nani?"

Yeye alinyanyuka, akamimina chai kwenye chupa, akaikaza kifuniko, akakunja shuka mbili na fulana ya kaka, akavipanga mfukoni kwa utulivu kama mtu ambaye hana hasira. Nilinyoosha mkono nimsaidie kubeba. Aliuhamishia mfuko upande wa pili.

"Kesho usije," alisema. "Nitakuita."

Leo ni wiki ya tatu. Simu yangu naiweka mezani, juu ya prufu za H, na kiti cha mbele yangu kimewekewa msomaji mpya. Anasoma vizuri, polepole, hata fundi cherehani wa juu angemwelewa. Akimaliza neno haningojei, anapita tu.